Kaske Iliyofunika Sikio Moja

Cyangugu, tarehe 12 Novemba 1984

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Nzigire,

Barua hii ikukute umeketi mahali penye kivuli, na pumzi yako iwe nzuri. Je, mguu uliokuwa unakuvimba umepona? Véronique ameshakuwa mrefu kukupita? Na wale wadogo wawili, bado wanagombania mgongo wako kila asubuhi? Huku mvua imenyesha bila adabu, maharage ya watu wa Nkanka yameoza shambani, na bei ya kila kitu sokoni Kamembe imepanda mlima. Naomba huko Kamituga iwe imenyesha kwa kiasi. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili isipokuwa mahali pamoja, na kwa sababu ya mahali hapo nakuandikia.

Najua huna hamu ya kuona mwandiko wangu. Tangu Pasaka ni miezi saba, na barua zangu mbili hukuzijibu. Wakati wa ile ya pili nilijifariji kwamba ni barabara, kwamba lori limekwama Mwenga kama kawaida yake. Lakini Alhamisi iliyopita Muderhwa alivuka na vitenge vyake, nikamkuta sokoni, nikamwomba akupelekee salamu. Akakataa. Alisema hawezi kubeba salamu za mtu aliyemkatalia dada yake pale darajani na tena akamcheka. Alisema hayo kwa sauti yake ile ya kuuzia vitenge, soko lote likageuka. Kwa hiyo sasa najua unaniwazia nini. Nakuomba kitu kimoja tu: usiichane barua hii kabla ya kufika mwisho. Wewe ndiye uliyenishika kidole juu ya kibao nikajifunza kuandika jina langu, halafu ukaacha shule wewe ili mimi nifike darasa la tano. Soma basi kazi ya mikono yako, hata kama umeikasirikia.

Lazima nianzie kwenye kazi yangu, kwa kuwa unaijua nusu tu. Nilikuambia nalinda klabu ya wazungu kando ya ziwa. Siyo kulinda. Siku za kazi nakata majani, nabeba mawe ya ukuta unaobomoka kila masika, napaka chokaa, na jioni mgongo unaniuma kama wa mzee. Lakini Jumamosi na Jumapili mchana wanakuja wanachama na bunduki zao, Wabelgiji wengi, Mgiriki mmoja mwenye duka, na wakubwa wachache wa hapa. Hawaui mnyama wala ndege. Wanapiga sahani. Ndiyo, Yaya, sahani ndogo nyeusi za udongo na lami, pana kama kiganja. Mimi nakaa mbele yao ndani ya shimo la saruji, risasi zinapita juu yangu, na mikononi nina mashine yenye mkono wa chuma. Mpigaji akiwa tayari analia neno moja, “Pul!”, nami naachia mkono wa mashine, sahani inaruka kuelekea ziwani, yeye anaipasua na wenzake wanapiga makofi. Mia mbili, mia tatu kwa mchana mmoja. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu shimoni: kwetu mtoto akivunja sahani anachapwa, na hapa watu wazima wanalipa ili wazivunje.

Shida ni mlio. Nje unapigwa na kwenda zake juu ya maji. Ndani ya shimo unaingia na hauoni mlango wa kutokea, unazunguka kwenye saruji hadi ukipate kichwa chako. Wapigaji wenyewe wanavaa kaske, vile vikombe viwili vinavyofunika masikio na kushikwa na utepe wa chuma juu ya kichwa. Mimi nilikaa mwaka mzima masikio wazi, na kila Jumapili jioni yalilia kama nyenje hadi Jumatatu.

Utauliza kwa nini sikuziba hata kwa pamba. Ni kwa ajili ya Papa aliyetuzaa. Unakumbuka alivyokuwa anasema kwamba jiwe la mgodini linasema kabla ya kuanguka, linatoa sauti ndogo kama muntu anayetafuna karanga, na mwenye masikio wazi anaruka, mwenye masikio yaliyozibwa anabaki chini yake. Mfanyakazi mpya akiweka pamba kwa kuogopa kelele za mashine ya kutoboa mwamba, Papa aliitoa kwa vidole vyake mwenyewe na kumtukana mpaka mama yake. Wazee wote wa shimo lile walifanya hivyo. Na walikuwa na haki, wengine waliishi kwa sababu hiyo. Mimi nilitoka nyumbani na sheria hiyo kichwani, nikaingia nayo kwenye shimo lingine ambalo juu yake hakuna jiwe, kuna mbingu tu. Sikuona tofauti.

Mwaka wa pili mwanachama mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia kaske yake kuukuu. Nikafurahi, nikaivaa kwa akili yangu. Kikombe cha kulia nilikiweka juu ya sikio, cha kushoto nikakisukuma nyuma ili sikio libaki wazi, nisikie “Pul”, na Papa naye asinikasirikie. Sasa nisikilize vizuri hapa. Shimoni nakaa nimewapa wapigaji upande wa kushoto. Kwa hiyo nilifunika sikio lililotazama ziwa, nikaliacha wazi lile lililotazama bunduki. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Bwana Adrien, ambaye ni mkubwa wa klabu, mtu wa kilimo, mpole, aliniambia baadaye kwamba aliniona mara nyingi na kudhani ni mtindo wetu wa kuvaa kule Zaire.

Mwezi wa sita mwaka huu nikaanza kuchelewesha sahani. Mpigaji mmoja alilia “Pul” mara tatu, akateremsha bunduki, akauliza kama nimelala. Kapita anayetusimamia kazini, Twagirayezu, mtu wa Gitambi mwenye mdomo mrefu na moyo mwema, alikuwa amekwisha kutambua kabla ya wote. Alikuwa anasimama nyuma ya shimo akinitupia kijiwe mgongoni kila wanapolia, nami nilifikiri ananichokoza. Jumapili moja kijiwe kikagonga kaske. Akaniinamia akapiga kelele: “Weye Mulume, masikio yako yamekwisha kufa, yanangojea tu mwili uyafuate!” Akacheka peke yake. Kesho yake hakucheka. Alinichukua kwa baiskeli yake hadi dispansari, kwa muuguzi anayeitwa Mukankusi.

Mama huyo alisimama nyuma yangu, akaniziba sikio la kulia kwa kidole, akaniagiza nirudie kila jina atakalotaja. Nikangoja. Nikangoja sana. Mwishowe niligeuka kumwuliza ataanza saa ngapi, nikamkuta Twagirayezu ameshika kofia yake mikononi kama yuko kanisani. Mama alikuwa ametaja majina kumi. Akaniambia polepole, akinitazama usoni ili nione midomo yake, kwamba sikio la kushoto limekwenda na halitarudi, hakuna sindano wala jani litakalolirudisha, na kwamba la kulia nalo limeanza kufuata njia hiyo hiyo. Lakini la kulia bado naweza kulilinda nikitaka. Alirudia hayo ya mwisho mara mbili: nikitaka.

Twagirayezu alimweleza Bwana Adrien yote, na sijui aliyatia chumvi kiasi gani, kwa kuwa Bwana Adrien alikuja kunitazama kama mtu aliyefiwa. Mwezi wa saba alikwenda likizo kwao, mwezi wa nane akarudi na mfuko. Akamwaga vitu vyake vyote juu ya meza ya baa, akasema nichague mwenyewe kwa sababu masikio ni yangu. Hapo kila mpigaji akawa muganga. Mmoja alisema nta ni bora kuliko vyote. Mwingine alisema vizibo vya sponji. Mgiriki alisema yeye anaziba kwa maganda ya risasi, na kweli aliyatia masikioni kutuonyesha, lakini Bwana Adrien alimkemea kwamba hilo ni jambo la kijinga, ganda halizuii mlio na linaweza kukwama ndani.

Mimi niliangalia maboksi. Kila boksi lilikuwa na nambari ya kiasi cha mlio kinachozuiwa, nikachukua lile lenye nambari kubwa, nikiwaza kwamba kidonge kikali ndicho kinachoponya. Bwana Adrien akanirudisha nyuma. Alisema nambari hiyo wameipata kwa watu waliokaa kimya kwenye chumba, na mimi nainama, natoa jasho, nazungusha kichwa. Kilicho bora, alisema, ni kile nitakachoweza kukivaa kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho bila kukitoa, kwa sababu ukikivua dakika chache tu katikati ya milio, mchana wako wote umeharibika. Nijaribu kila kimoja Jumapili moja.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ya nta na pamba. Laini, tamu, lakini vumbi la sahani likashika juu yake, na wiki ile sikio likaniwasha hadi likatoa usaha. Jumapili ya pili ilikuwa ya sponji za njano, ndogo kama punje nene ya mahindi. Nilizisukuma kama mtu anayeziba chupa, na kabla ya sahani ya ishirini zilikuwa zimeanguka miguuni. Bwana Adrien akashuka shimoni kunifundisha. Kwanza nioshe mikono, maana lami ya sahani ndiyo iliyoleta usaha. Halafu niiviringe sponji kati ya vidole hadi iwe nyembamba, nipitishe mkono mwingine juu ya kichwa, nivute sikio kwenda juu, niisukume, niishike hapo nikihesabu hadi thelathini wakati inavimba ndani. Twagirayezu alisema ninafanana na nyani anayejitafuta chawa. Lakini baada ya hapo bunduki ikawa kama mlango wa jirani unaofungwa kwa hasira, si zaidi.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya kaske mpya, nzito, yenye mito laini. Jasho lilinitiririka shingoni kama niko jikoni. Mlio bado ulipita, tukashangaa wote, mpaka Twagirayezu akaniondolea kichwani ile kofia ya sufu uliyonifumia. Nilikuwa nimeivaa chini ya kaske, na mikunjo yake iliacha tundu dogo kama uzi, na huo uzi ulitosha. Usihuzunike, kofia naivaa siku zote nyingine. Shimoni tu ndipo naingia kichwa wazi.

Mwishowe nilichagua viwili pamoja, sponji ndani na kaske juu yake, vikombe vyote viwili mahali pake. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchagua. Mara ya kwanza niliposhuka nimezibwa pande zote mbili, niliona ukuta wa shimo unaniinamia. Nilitoka nje mara mbili nikijifanya nataka maji. Twagirayezu akashuka, akaketi karibu nami, akaonyesha juu kwa kidole. Hakukuwa na kitu, wingu moja tu na mwewe. Akabaki ameketi hapo hadi nikatulia, yeye bila kaske, kidole kimoja kwa kila sikio.

Lakini sasa “Pul” sikuisikia hata kidogo, na mrushaji asiyesikia ni wa kufukuzwa. Hapo ndipo kapita wangu alipoleta kamba ya mbuzi. Alinifunga mwisho mmoja kwenye mguu, akashika mwingine, akasimama karibu na wapigaji, naye akiwa na kaske kuukuu ile iliyokuwa yangu, akitazama midomo yao. Wakilia, anavuta. Nikiona mguu unaruka, naachia. Wazungu walilalamika kwamba sahani inachelewa kama kufumba jicho, halafu wakazoea, na Bwana Adrien anasema hata wanapiga vizuri zaidi kwa kuwa wamejifunza kungoja. Twagirayezu anawaambia wapita njia kwamba amepata beberu wa Zaire, hali majani mengi, lakini akivutwa tu anarusha vyombo. Nimemwacha aseme. Sikio la kulia Mukankusi alilipima tena mwezi uliopita, akasema limesimama mahali lilipokuwa.

Sasa, Yaya, nimefika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Siku ile ya Pasaka ulivuka na kikapu chenye kopo la mafuta ya mawese, tukala pamoja, nikakusindikiza hadi kwenye daraja la Rusizi. Wewe ulitembea upande wangu wa kushoto. Malori yalikuwa yanapanda. Katikati ya daraja niliona umesimama, unatazama maji, na midomo yako inakwenda. Ilikwenda muda mrefu. Kisha ukanigeukia ukangoja. Nami nikacheka, nikakupiga bega, nikasema: “Hayo ni mambo ya kawaida, Yaya, yazoee tu.” Nilifikiri unanung'unikia askari wa mpakani waliokuwa wamejichotea mafuta yako asubuhi. Ukaniangalia. Ukachukua kikapu chako, ukaenda bila kugeuka nyuma, na mimi nikasimama pale nikipunga mkono kama mjinga.

Ni Muderhwa aliyeniambia Alhamisi ulichosema. Kwamba Buhendwa mume wako alikuwa ameleta mwanamke mwingine na kutoa vitu vyako nje. Kwamba uliniuliza kama unaweza kuja kwangu na batoto watatu. Na kwamba tangu siku ile unalala kwenye nyumba ya jikoni ya jirani Ntabaza, unauza chikwangue za muhogo barabarani.

Sikusikia neno hata moja. Lakini nisijifiche nyuma ya sikio langu, maana hiyo haitoshi na wewe unanijua. Nilijua kwamba sikusikia. Niliona machozi pembeni mwa jicho lako, nikajiambia ni upepo wa mto. Ningeweza kusema: rudia, Yaya. Maneno mawili tu. Sikuyasema kwa sababu ya aibu. Unakumbuka tulivyomfanyia Papa masikio yake yalipokwisha, mimi na wewe, tukisimama mbele yake na kufungua midomo bila kutoa sauti, naye anaitikia “ndiyo, ndiyo wanangu”, na sisi tunakimbia nyuma ya nyumba kucheka? Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha. Wewe mara nyingi ulirudi ukamletea maji. Mimi sikurudi hata siku moja. Darajani nilijiona niko mahali pake, nikaogopa kuchekwa, nikacheka kwanza. Na nilimcheka mtu ambaye hajawahi kunicheka.

Hilo ndilo kosa langu, si la bunduki wala la kaske. Nimelisema kwa padri jana, lakini deni hili ni lako.

Kwa hiyo nakujibu leo swali lako. Ndiyo, Yaya. Njoo, wewe na Véronique na wale wadogo wote wawili, na vyombo vyako vyote walivyotoa nje. Mama Uwamahoro ninayepanga kwake amenipa chumba cha pili, kina mlango unaofungwa na dirisha la kutazama ziwa. Nimekipaka chokaa Jumamosi asubuhi kabla ya kazi. Kuna vitanda viwili vya mbao, na Twagirayezu anatengeneza cha tatu, kwa kelele nyingi. Muderhwa nimemsomea barua hii hadi hapa kabla ya kuifunga. Alikohoa, akasema ataibeba na kukuleta mwenyewe na lori lake la kurudi, na kwamba hatapokea kitu. Shule ya watoto tutaiuliza mkishafika.

Ukifika utanikuta darajani upande wa huku. Ukiwa bado na hasira, njoo nayo, usiiache Kamituga. Sema yote kwa sauti unayotaka, na nisipoyapata nitakuomba urudie, mara kumi ikibidi, mbele ya watu wote wa mpaka.

Nisalimie Ntabaza na mke wake kwa mikono miwili, waambie jiko lao limenihifadhia dada, na sitalisahau. Véronique mpe busu kwenye paji la uso, wadogo wapige mgongoni kidogo kwa niaba yangu. Wote wanaoniulizia waambie nipo. Mungu akulinde kwenye ile milima ya Mwenga, na dereva asiwe mlevi.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,

Mulume
Klabu ya ziwani, Cyangugu